Shu za buloko

Nianze na jambo ambalo jamaa yangu haipendi liandikwe. Mujomba wangu, ndugu ya mama, alifungwa. Ilikuwa mwaka 1984, wakati wa Mobutu, na sisi watu wa Sakania tunajua watu waliishi namna gani wakati ule: unavuka mpaka usiku, unarudi na bunga ya Zambia juu ya kinga, asubuhi watoto wanakula bukari. Kule ng'ambo serikali ilikuwa inalipia sehemu ya bei ya bunga, huku kwetu hapana, basi mifuko ilifuata bei. Mujomba alikamatwa na mifuko 3 na sukari kidogo. Akapewa miezi 9. Jina la ile buloko sitalitaja.

Nyuma ya ukuta, karibu na kijito, mkubwa wa buloko alikuwa na bustani ya shu. Wafungwa ndio waliochota maji asubuhi na jioni, wakapalilia, wakatoa viwavi kwa vidole. Shu ziliingia jikoni kwa mkubwa, na zilizobaki bibi yake aliziuza sokoni. Wafungwa wenyewe walikula bukari mara moja kwa siku, siku zingine na chumvi tu. Mujomba alifanya ile kazi mwezi mzima. Kisha akaomba kitu ambacho wenzake walimcheka: apewe kipande chake mwenyewe, upana wa mukeka, akilime saa ambayo wengine wanapumzika. Walimkatalia mara mbili. Mara ya tatu askari mmoja mzee alimwonyesha kona moja yenye mawe, akamwambia: «Lima pale. Miye sikukuona.»

Wanaolima wanajua kwamba shu haitoi mbegu kwa urahisi katika inchi yetu ya joto. Lakini ukikata kichwa na kuacha kisiki ndani ya buloba, pembeni yanaota machipukizi, na chipukizi moja ukilitoa vizuri linakuwa shu nyingine. Ndivyo alivyofanya. Siku ya kutoka alifika nyumbani kwa miguu, amekonda, na gunia bichi chini ya mkono. Watu walidhani ni nguo. Ndani mlikuwa machipukizi 11, yamefungwa na majani ya ndizi. Kabla ya kuoga, kabla ya kula, aliyapanda nyuma ya nyumba katika lupango yake.

Nkambo yangu, mama yake mzazi, alizipa jina siku ile ile: shu za buloko. Jina likabaki. Zilikuwa shu nzuri, nzito, na majirani walikuja kununua. Lakini ndani ya jamaa yetu hakuna aliyezila. Mwaka 1991 tulikuwa na kilio, mujomba akaleta magunia mawili ili watu wale. Wanawake waliyapokea kwa adabu, wakayaweka kando ya ukuta, wakatuma mtoto sokoni kununua shu zingine. Yule mtoto alikuwa miye. Nilikuwa na miaka 14. Nilipita mbele ya mujomba na shu za sokoni juu ya kichwa, na yeye aliniona. Hakusema kitu. Shuleni pia, vijana waliponiuliza kama yule mtu wa shu za buloko ni wa kwetu, nilijibu kwamba ni jirani tu.

Sasa nina umri ambao mtu anaanza kujihukumu mwenyewe, na swali linarudi. Je, nkambo alikuwa na haki? Bustani iliyopandwa ndani ya kifungo ni kitu cha namna gani? Ni ya nani? Na uzuri wake, ikiwa ina uzuri, tuufurahie ao tuuogope?

Nisiseme haraka kwamba nkambo alikosa. Alikuwa na sababu, na sababu yake haikuwa ujinga. Alizaliwa na kukomaa wakati wa Wabelgiji. Alijua kulima chini ya fimbo. Tangu mwaka 1917 sheria ya koloni ililazimisha watu wa vijijini kulima mazao ambayo mkubwa ameyachagua, siku 60 kila mwaka, na wakati wa vita vya pili, mwaka 1942, zikaongezwa kufika 120. Asiyelima aliingia buloko, na ndani ya buloko alilima pia. Kwa mtu aliyeona yale, tofauti kati ya shamba na kifungo ilikuwa ndogo sana. Wale kati yetu waliokuwa watoto wa Lubumbashi katika miaka ya 1970 wanaikumbuka ile picha iliyotundikwa ndani ya salon za watu, «Colonie belge», ambayo Tshibumba Kanda Matulu na wachoraji wengine waliirudia mara nyingi: mfungwa analala chini, askari anainua fimbo, mzungu anatazama, nyuma kuna jengo la serikali na bendera. Watu walinunua ile picha kwa falanga zao wenyewe, wakaiweka pahali pa wageni. Hawakutaka kusahau.

Na Katanga yetu imejua vifungo vya namna nyingi. Simon Kimbangu aliletwa Elisabethville baada ya hukumu ya 1921, akakaa ndani miaka 30, mpaka kifo chake tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951. Kule Kasaji, upande wa magharibi, katika miaka ya 1940 serikali ilifungua koloni ya kilimo kwa watu ambao iliwahesabu kuwa hatari, wakiwemo watu wa Kitawala. Tazama lile jina, koloni ya kilimo. Mtu anatolewa kwao, anapewa jembe, na kwenye karatasi inaonekana kama mkulima. Pale hapakuwa na bahari, lakini kilikuwa kisiwa vilevile.

Kwa hiyo nkambo alipoona shu zile nyuma ya nyumba ya mtoto wake, hakuona shu. Aliona jembe la serikali limeingia ndani ya lupango. Katika desturi zetu, kitu kilichotoka pahali pa aibu ao pa kifo hakiingii nyumbani hivi hivi. Kinaoshwa, ao kinaachwa njiani. Mujomba hakuosha kitu. Alikipanda.

Hapa nitakwenda mbali kidogo, lakini njia yenyewe inaanzia mlangoni kwetu. Reli iliyofika Sakania mwaka 1909, kabla ya kuingia Elisabethville mwaka 1910, ilitoka Cape Town. Ilipanda kidogo kidogo, Bulawayo, daraja la Victoria Falls mwaka 1905, Broken Hill, Ndola, mpaka kwetu. Ukiifuata kwa kurudi nyuma mpaka mwisho wake, utafika kwenye maji, na ndani ya yale maji, kilometa karibu 7 kutoka pwani, utaona Robben Island. Wote tunajua ni nani alifungwa pale. Wachache wanajua kwamba alilima.

Nelson Mandela aliletwa pale na wenzake baada ya hukumu ya 1964 na akakaa mpaka 1982. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1994, anasimulia kwamba karibu tangu mwanzo aliomba ruhusa ya kufungua bustani ndani ya uwanja wa buloko, na kwa miaka walimkatalia bila kumweleza sababu. Mwishowe wakamwachia kipande chembamba kando ya ukuta. Buloba yake ilikuwa mawe matupu, kwa sababu uwanja ulijengwa juu ya takataka za zamani. Ilibidi kuyachimbua kwanza, na wenzake wakamtania kwamba ana roho ya mfanyakazi wa mgodi. (Kwa mtu wa Katanga tanio hili halihitaji maelezo.) Alianza na nyanya, pilipili na vitunguu. Aliagiza vitabu vya kilimo. Mavuno yalipokuwa mazuri aliwagawia hata walinzi.

Anasimulia pia juu ya mti mmoja wa nyanya. Aliutunza tangu ukiwa mchanga, ukazaa vizuri, kisha kwa kosa fulani la matunzo ukaanza kunyauka, na hakuweza kuuokoa. Ulipokufa aliung'oa, akaosha mizizi yake, akauzika katika kona ya bustani. Alimwandikia bibi yake Winnie habari hiyo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, mzee mzima anazika nyanya. Mara ya pili sikucheka. Mtu ambaye hawezi kuwatunza watoto wake, ambaye hakuruhusiwa kwenda kumzika mama yake wala mtoto wake wa kwanza, anapata kitu kimoja duniani ambacho uhai wake uko mkononi mwake.

Pengine mtu atasema, basi jibu limepatikana, bustani ya kifungoni ni uhuru mdogo ndani ya buloko, tuipende. Polepole. Mwaka 1977 serikali ya ubaguzi ilileta waandishi wa habari kisiwani ili dunia ione kwamba wafungwa wanatendewa vizuri. Walimpiga Mandela foto: amesimama na kofia na miwani myeusi, anashika mpini wa sepeto, na chini pameandikwa kwamba huyu ni mfungwa anayefanya kazi bustanini. Hata jina hawakuliandika. Wafungwa walikasirika, wakaandika barua ya kulalamika. Tazama foto ile leo, utaona uso wa mtu ambaye hakubali kupigwa picha. Serikali ilichukua jembe na majani ikayafanya pazia.

Na ile ile bustani ilikuwa inaficha kitu kingine. Mwaka 1976 Mandela na wenzake walikuwa wamezika ndani ya uwanja ule maandiko ya maisha yake, ndani ya mikebe. Mafundi walipoanza kuchimba ili kujenga ukuta, wafungwa waliwahi kuokoa sehemu, lakini mkebe mkubwa uligunduliwa. Mandela, Walter Sisulu na Ahmed Kathrada walinyang'anywa ruhusa ya masomo kwa miaka 4. Nakala moja ilikuwa imekwisha kutoka na Mac Maharaj alipofunguliwa. Kwa hiyo buloba moja, karibu wakati mmoja: serikali inaionyesha juu ili kudanganya, mfungwa anaficha chini ili kusema ukweli. Nani mwenye bustani hapo?

Kuna kisiwa kingine, Alcatraz, karibu na San Francisco kule Marekani, mwamba mtupu ndani ya bahari. Hata buloba ya kuotesha maua ililetwa kwa mashua. Kwanza palikuwa pa jeshi, na tangu 1934 mpaka 1963 palikuwa buloko ya serikali kuu kwa wafungwa ambao walihesabiwa wagumu kuliko wote. Familia za wanajeshi ndizo zilizoanza kupanda maua, kisha kazi ikashuka kwa wafungwa. Mmoja wao, Elliott Michener, aliyefungwa kwa kutengeneza falanga za bandia, alilima mteremko wa magharibi kwa miaka mingi kuanzia 1941, akajenga ngazi za mawe na vitalu. Buloko ilipofungwa, bustani zikaachwa bila maji, bila mtu. Tangu 2003 watu wamezisafisha na kuzifufua, na walipofyeka magugu wakakuta maua mengi ya zamani yangali hai baada ya miaka 40. Leo watalii wanapanda meli kuyatazama.

Karibu na kwetu kuna Changuu, mbele ya mji wa Unguja, ambayo watalii wanaiita kisiwa cha buloko. Jengo la gereza lilijengwa kuanzia 1893, lakini halikupokea wafungwa hata siku moja; lilitumika kwa watu waliotengwa juu ya magonjwa. Wale waliofungwa kweli pale walikuwa watumwa wa miaka ya nyuma, na wao hawakuacha jengo la kuonyesha. Wageni wanalisha kobe wakubwa, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Seychelles mwaka 1919, wanakaa kivulini, wanarudi. Sina ubaya na kobe. Lakini pale unaona hatari yenyewe: uzuri unabaki, jina la kifungo linabaki kama kionjo cha safari, na aliyeumia hayuko tena ndani ya hadithi.

Hata sisi tusijifanye wasafi. Kila mwaka, mwezi wa 9 na wa 10, Lubumbashi inavaa zambarau ya jakaranda, na sisi wote tunasema mji wetu ni muzuri. Mji ule ulipangwa na ukanda mtupu katikati, weupe huku, weusi kule. Bustani za upande wa weupe zilimwagiliwa na «boyi wa jardini», na wazee wanasimulia kwamba wafungwa nao walitolewa kufanya usafi. Nani kati yetu, akipita chini ya ile miti, anauliza mashimo yalichimbwa na nani?

Katika mkutano mmoja wa shirika letu kijana mmoja alisema wazi kwamba miti ya maembe iliyopandwa njiani kwa nguvu za waliofungwa minyororo ikatwe, pahali pake pajengwe kitu chetu. Mzee mmoja alimjibu: «Mwanangu, ukikata ile muti, njo utakuwa umebatesa mara ya pili. Ile muti ni kazi yabo.» Kijana hakukubali. Alisema kazi ya kulazimishwa si kazi ya mtu, ni kazi ya fimbo. Tulizozana mpaka jua likashuka, na nakiri kwamba siku ile sikujua niketi upande gani.

Leo naona hivi. Kijana ana haki kwamba mti hausafishi fimbo. Hakuna shu, hakuna ua, hakuna embe linaloweza kumtetea aliyefunga watu bure. Anayesema «lakini waliwaachia bustani» anarudia kazi ya wale wapiga foto wa 1977. Lakini mzee aliona kitu ambacho kijana hakukiona, na nkambo yangu pia hakukiona. Katika ile buloko ya mujomba mlikuwa bustani mbili. Moja ilikuwa ya mkubwa: yeye alichagua nini kipandwe, yeye alikula. Nyingine ilikuwa upana wa mukeka, kwenye mawe, na mtu aliiomba mara tatu. Maji yalikuwa yale yale, buloba ile ile, hata shu zilikuwa za ukoo mmoja, kwa sababu mujomba alizitoa katika visiki vya mkubwa. Mtu anayetazama kutoka mbali angesema ni bustani moja. Kwangu tofauti yao ni kubwa kuliko tofauti ya ndani na nje ya ukuta.

Ila haiko rahisi vile. Mujomba mwenyewe hakutenganisha. Nilimuuliza, nikiwa mtu mzima tayari, mwalimu, ninajua maneno mengi. Nikamwuliza kama alipolima kona yake alijisikia huru. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto. «Huru wapi? Nilikuwa na njaa.» Kisha akaongeza, akiwa anafunga kamba ya ua wake: «Buloba habakuyifunga. Ni miye balifunga.» Nikamwuliza tena kwa nini alileta machipukizi nyumbani na alijua watu watasema. Akasema shu zilikuwa nzuri. Ni hilo tu. Miye nilitafuta falsafa, yeye alikuwa anasema habari ya shu, na sijui kama kati ya sisi wawili ni miye niliyekuwa nafikiri zaidi.

Kitu kimoja nakishika, hata kama wenzangu wa shirika hawatakubali wote. Bustani za namna hii ziachwe, zitunzwe, lakini zisiachwe kunyamaza. Maua ya Alcatraz yaliokoka bila mtunzaji, habari za mikono iliyoyapanda zisingeokoka hivyo. Ilibidi watu wazitafute na kuzisema. Mwembe peke yake hausemi kitu. Unatoa kivuli kwa mtoto wa aliyepigwa na kwa mtoto wa aliyepiga, sawa sawa. Miye nilipokana mujomba mbele ya wenzangu, shu zake hazikunisuta. Ziliendelea kuota. Ndiyo maana nimeandika hapa kwamba alikuwa wa kwetu, alifungwa juu ya mifuko 3 ya bunga, na shu alizileta yeye.

Mujomba alifariki mwaka 2019. Lupango yake iko kwa watoto wake, na nyuma ya nyumba bado kuna mistari miwili ya shu, machipukizi ya machipukizi. Nilipokwenda kusalimia, bibi yake alinikatia vichwa viwili bila kuniuliza. Nikavileta kwa mama, ambaye sasa ni mzee, ambaye katika kilio cha 1991 ndiye aliyenituma sokoni. Aligeuza kimoja mkononi, akakipima uzito.

«Ni zile?»

«Ni zile, mama.»

Akavuta sinia, akaomba kisu. Majani ya juu aliyatupia kuku. La tatu lilikuwa na tundu, akalifungua kwa kidole, akanung'unika kwamba kaka yake tangu zamani alikuwa hajui kutoa viwavi vizuri.